Kebo za kubeba paa na madaraja: mnabishana galvanaizi au stenlesi, kumbe kinachooza kwanza ni kichwa

FundiKebo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kila inapoanza mada ya kebo za chuma zinazobeba paa, daraja la waenda kwa miguu au uzio wa roshani, swali la kwanza huwa "galvanaizi au stenlesi?" na watu wanavutana hapo kurasa kwa kurasa. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Kebo mara chache hufia katikati. Katikati mvua inaiosha, upepo unaikausha, na kila mpita njia anaiona. Inafia mdomoni mwa kichwa chake, pale waya unapoingia kwenye chuma kilichoubana. Hapo maji hutuama, chumvi hubaki, na huna pa kupitisha hata brashi. Kwa hiyo nitagusa kinga ya waya, lakini hoja yangu iko kwenye vichwa, pini, vikazio (vile vya nyuzi vya kukazia kebo) na mabamba.

Tuanze na zinki, ndiyo hiyo galvanaizi. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuzamisha chuma kwenye zinki iliyoyeyuka mwaka 1837, na msingi wa kazi haujabadilika: chuma kinasafishwa kwa asidi, kisha kinazamishwa kwenye zinki yenye joto la nyuzijoto 450 hivi. Zinki inafunika chuma kisiguswe na maji na hewa, halafu pakikwaruzwa inakubali kuliwa yenyewe ili chuma cha jirani kibaki. Rangi haiwezi hilo la pili.

Ila zinki ni akiba inayotumika, haizaliani. Chuma kinene cha zaidi ya mm 6 kilichozamishwa kwa kiwango cha ISO 1461 kinapata wastani wa mikroni 85 (mikroni ni elfu moja ya milimita). Zinki ya kupakwa kwa umeme mara nyingi ni mikroni 5 hadi 12 tu, japo ndiyo inayong'aa zaidi ikiwa mpya. Sasa angalia inavyoliwa. ISO 9223 inapanga mazingira kwa ngazi za ukali wa kutu: C3, ya wastani, zinki inapungua mikroni 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka, C5, kali sana, mikroni 4.2 hadi 8.4. Gawanya mwenyewe. Mikroni 85 kwenye C3 zinavuka miaka 40, kwenye C5 zinaisha kati ya mwaka wa 10 na wa 20. Ile ya umeme kwenye C5 inaweza isimalize mwaka wa pili. Halafu mtu anafunga kebo nzuri yenye zinki nene kwa bolti ya zinki ya umeme na anashangaa kutu imeanzia kwenye bolti.

Anayedhani zinki ni mapambo aende kwenye historia ya New York. Brooklyn Bridge ilifunguliwa 1883 ikiwa na kebo za nyaya za chuma cha pua (yaani steel, si stenlesi) zilizopakwa zinki. Williamsburg Bridge ikafuata 1903, juu ya mto uleule, na nyaya zake hazikupakwa zinki. Ni hii ya pili iliyokuja kusumbua wahandisi kwa kutu ndani ya kebo kuu, ingawa ndiyo changa.

Siku hizi kebo nyingi za mapaa makubwa hazitumii zinki tupu. Nyaya za nje zinapakwa mchanganyiko wa zinki asilimia 95 na alumini asilimia 5, unaojulikana kama Galfan. Kwa unene uleule unadumu takriban mara mbili hadi tatu ya zinki ya kawaida. Kwenye waya mwembamba hilo ni jambo kubwa, kwa sababu huwezi kuurundikia waya zinki kama bamba, ukikunjwa itabanduka.

Stenlesi yenyewe haina akiba ya kuliwa. Ikiwa na kromi kuanzia asilimia 10.5 hivi, uso wake unajitengenezea utando wa oksidi ya kromi wenye unene wa nanomita chache tu, na ukikwaruzwa unajiunga tena mradi oksijeni ipo. Shikeni hapo kwenye "mradi oksijeni ipo", maana ndipo penye ugomvi wote. Ndani ya ufa mwembamba, chini ya washa (ile pete inayokaa chini ya nati), kwenye mdomo wa kichwa kilichobanwa, oksijeni inaisha na kloridi inajikusanya. Utando ukivunjika hapo haurudi. Nje kitu kinameta, ndani kinatoboka.

Stenlesi ya daraja la 304 ina kromi 18 na nikeli 8 kwa mia. La 316 linaongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayolipa nguvu mbele ya chumvi. Kwa vichwa vya nje mimi naanzia 316. Karibuni.

---

MchoraRamani

Mkuu umetema madini. Lakini kama 316 ni nzuri hivyo, kwa nini nisiandike tu kwenye mchoro "vyote 316", kebo na vichwa, nikalala? Mteja hataki kusikia habari za matengenezo.

---

FundiKebo

Unaweza, na kwenye uzio wa roshani au kebo za kupandishia mimea ukutani hivyo ndivyo inavyofanyika. Kwenye paa kubwa kuna mambo ya kuangalia kwanza.

Nguvu. Waya wa stenlesi wa kebo kwa kawaida una nguvu pungufu kuliko waya wa chuma cha pua wa madaraja, ambao unafika megapaskali 1770 na zaidi. Kwa kipenyo kilekile mzigo wa kukatika unashuka, kwa hiyo usibadilishe tu neno kwenye mchoro bila mhandisi kupiga hesabu upya.

Joto. Stenlesi hizi zinatanuka kama sehemu 16 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzijoto, chuma cha kawaida 12. Kebo ya mita 10 ikipanda nyuzijoto 30, ya stenlesi inarefuka mm 4.8 na ya chuma mm 3.6. Kwenye kebo fupi iliyokazwa kidogo, tofauti hiyo unaiona kwa macho: inalegea mchana.

Na hiyo habari ya kulala, sahau. Stenlesi inataka kuoshwa. Hasa ile iliyo chini ya paa ambako mvua haifiki. Chumvi inatua hapo mwaka mzima na hakuna wa kuiondoa. Watu wanaficha vichwa chini ya upenu wakidhani wanavilinda, kumbe wamevinyima mvua ya kuviosha.

---

Mlehemu_Mkuu

Naomba niingilie kwenye kuchanganya metali, maana huko ndiko naona vituko. Mtu ana bamba la galvanaizi, analifunga kwa bolti za stenlesi. Mwingine anamwambia "haramu hiyo, zitaliana". Mwingine anasema "mimi nimefanya miaka, hakuna kitu". Wote wawili wamesema nusu.

Metali mbili zikigusana na pakawa na maji yenye chumvi, ile dhaifu inaliwa. Zinki ni dhaifu mbele ya stenlesi, hilo halina mjadala. Ila kasi inategemea ukubwa wa nyuso. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bamba kubwa la zinki: hasara inagawanywa kwenye eneo kubwa, huoni kitu kwa muda mrefu, isipokuwa mahali pana chumvi kali, hapo utaona zinki inapauka kuzunguka washa. Geuza sasa. Bolti ndogo ya galvanaizi kwenye bamba kubwa la stenlesi: bamba zima linaila bolti moja. Hiyo bolti haina maisha.

Kwa hiyo kitu kidogo, yaani bolti, pini na washa, ndicho kinapaswa kuwa cha metali bora. Na ukitaka amani kabisa, tenganisha: bomba la nailoni kwenye tundu, washa za plastiki ngumu pande zote, bolti isiguse bamba popote. Popote ni popote. Washa ya plastiki upande mmoja na chuma kugusa chuma upande wa pili ni kazi bure.

---

Kijana_wa_Site

Kebo ya stenlesi kupita kwenye kichwa cha galvanaizi je?

---

Mlehemu_Mkuu

Usifanye. Kebo ndefu ya stenlesi ndiyo uso mkubwa, kichwa ndicho kidogo. Halafu kumbuka aliyoyasema mwanzisha uzi: mdomo wa kichwa ndipo maji yanatuama. Umeweka betri mahali penye maji.

---

Pwani_Kavu

Mimi nina 316 halisi, cheti ninacho, na baada ya msimu mmoja imetoka madoa ya kahawia kama mtu amemwagia chai. Nimeuziwa feki?

---

FundiKebo

Si lazima iwe feki. Hayo madoa yanajulikana sana karibu na bahari na mara nyingi ni ya juujuu, hayapunguzi nguvu ya kebo. Ila yanakuambia kitu kuhusu uso. 316 iliyosagwa kwa msasa mkali ina mifereji midogo inayoshika chumvi. Ileile ikisuguliwa hadi ukwaru chini ya mikroni 0.5 inashika kidogo sana. Ndiyo maana vichwa vizuri vinasuguliwa kwa umeme ndani ya asidi hadi vinang'aa. Si urembo peke yake.

Angalia pia kama fundi aliyefunga alitumia diski au brashi iliyokuwa kwenye chuma cha kawaida. Chembe za chuma zinajikita kwenye uso wa stenlesi na kushika kutu zenyewe, halafu lawama inakwenda kwa stenlesi. Vifaa vya stenlesi viwe vyake peke yake, visichanganywe.

Dawa: maji safi, sabuni laini, kitambaa. Doa likikataa, bidhaa ya asidi ya sitriki au fosfori, kisha suuza sana. Usiguse pamba ya chuma. Usitumie dawa ya kufulia yenye klorini wala asidi ya haidrokloriki, hata kama mfanya usafi anaapa kwamba inatoa doa kwa dakika moja. Inatoa, kweli, pamoja na utando.

---

Mlehemu_Mkuu

Ongeza na kulehemu. Ile rangi ya bluu na dhahabu pembeni ya mchomo si pambo, chini yake kromi imepungua. Isafishwe kwa asidi yake mpaka itoke. Na kitakacholehemiwa kiwe 316L, ambayo kaboni haizidi asilimia 0.03. Kaboni ikiwa nyingi, stenlesi ikikaa kati ya nyuzijoto 450 na 850 kaboni inaiteka kromi, na mpakani mwa punje za chuma hakuna kinga tena.

Jingine ambalo wengi hawalijui: msilehemu stenlesi juu ya galvanaizi bila kuondoa zinki kwanza. Zinki iliyoyeyuka inapenya kwenye stenlesi moto na kuipasua. Moshi wake nao unaleta homa.

---

MchoraRamani

Sawa, nimekubali kuosha. Nina mradi wa bwawa la kuogelea la ndani, dari litaning'inizwa. Hapo hakuna mvua, hakuna bahari. 316 inatosha, si ndiyo?

---

Mkaguzi

Ndugu yangu, simama hapohapo.

Mei 1985, mjini Uster, Uswisi, dari la zege la bwawa la ndani liliwaangukia watu na 12 wakafa. Jengo lilikuwa na miaka 13 tu. Dari lilishikwa na fito za stenlesi. Hazikuoza kwa kutu mnayoijua, zilipasuka. Dawa ya klorini inayotibu maji inatoa mvuke, mvuke unatua darini na kukauka kuwa tabaka lenye kloridi nyingi, hakuna anayefika kuosha, na chuma kiko chini ya mvuto muda wote. Vitu hivyo vikikutana, ufa unatembea ndani ya stenlesi bila dalili kubwa kwa nje. Hakuna kupinda, hakuna kulia.

Tangu hapo, kwa vitu vinavyobeba mzigo juu ya bwawa na visivyooshwa mara kwa mara, 304 na 316 hazikubaliki. Viwango vya Ulaya vinataja madaraja machache tu ya stenlesi yenye molibdeni nyingi, kama 1.4529 na 1.4547. Ama weka chuma cha kawaida chenye zinki na rangi nzito, kinachoweza kukaguliwa. Hicho kikianza kuharibika kinachuruzika kutu na kila mtu anaona. Mimi kama mkaguzi nakipenda chuma kinachosema kabla ya kufa.

---

Kijana_wa_Site

Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi unapima vipi hizi stenlesi? Kwa majina tu?

---

Mkaguzi

Kuna kipimo cha haraka cha kulinganisha uwezo wa kukataa vitobo: chukua asilimia ya kromi, ongeza molibdeni mara 3.3, ongeza nitrojeni mara 16. 304 inakaa karibu na 18, 316 karibu na 24, na ile ya muundo wa mchanganyiko, 2205, karibu na 35. Pini na uma za 2205 zinafaa sana baharini, na zina nguvu kubwa kuliko 316. Ila namba hiyo inalinganisha vitobo. Haikupi ruhusa ya bwawani.

---

Nyundo

Mmesahau Arecibo. Ile darubini kubwa ya Puerto Rico ilianguka 2020 kwa kutu ya kebo. Zinki haikusaidia.

---

Mkaguzi

Hapana, na mfano huo unafaa uelezwe sawasawa. Agosti 2020 kebo moja ya ziada ilichomoka kwenye soketi yake. Novemba kebo kuu moja ikakatika, na tarehe 1 Desemba jukwaa la tani 900 likaanguka juu ya sahani ya mita 305. Ile kebo ya kwanza haikuliwa na kutu katikati. Kichwani nyaya hufumuliwa ndani ya soketi yenye umbo la koni na kumwagiwa zinki iliyoyeyuka ili zigande pamoja. Zinki hiyo ilikuwa inatambaa polepole chini ya mzigo kwa miaka, na kebo ikawa inatoka kidogo kidogo. Ukaguzi ulikuwa umeona kebo zimesogea kwenye midomo ya soketi kabla ya hapo.

Kwa hiyo kwenye orodha yako ya ukaguzi weka hili: piga alama ya rangi kwenye kebo pale inapotokea kwenye kichwa. Alama ikiondoka mdomoni, hiyo ni habari. Haigharimu kitu.

---

FundiKebo

Ahsante Mkaguzi, umenisaidia hoja. Hata pasipo kutu, kichwa ndicho kinacholeta balaa.

Kwa kebo za stenlesi hatumwagi zinki, tunatumia rezini au kichwa cha kubanwa kwa mashine. Kichwa kilichobanwa vizuri kinashika karibu nguvu yote ya kebo. Klipu za kufunga kwa nati zinashika kama asilimia 80, tena zikifungwa sawa.

---

Nyundo

Sawa nimenyooshwa. Na kupaka rangi juu ya galvanaizi? Kuna wanaosema ni kupoteza pesa.

---

Mlehemu_Mkuu

Siyo kupoteza. Rangi inazuia zinki isiliwe, na rangi ikitoboka zinki inazuia kutu isitambae chini yake. Vikiwa pamoja vinadumu zaidi ya jumla ya miaka ya kila kimoja. Sharti ni maandalizi: galvanaizi mpya ni laini, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Pulizia mchanga mwepesi, usiharibu zinki, halafu praima (rangi ya kwanza) inayokubali zinki. Rangi ya alkidi (ile ya mafuta) moja kwa moja juu ya zinki usiweke, inageuka sabuni pale chini na kuachia.

Hiyo ni kwa mabamba, nguzo na vichwa. Kebo ni habari nyingine, nyaya zinasogea na rangi inapasuka. Na rangi nene inaweza kufungia maji ndani.

---

FundiKebo

Hilo la kufungia maji ndani liliyasumbua madaraja makubwa yenyewe. Forth Road Bridge ya Scotland ilifunguliwa 1964. Kebo zake kuu zilipofunguliwa na kukaguliwa 2004 zilikutwa zimepoteza asilimia 8 hadi 10 ya nguvu, wakati nje zimefungwa na kupakwa rangi. Tiba ikawa kupuliza hewa kavu ndani ya kebo, kama lilivyojengwa Akashi Kaikyō la Japani tangu 1998. Unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 60 hivi, chuma hakipati maji ya kuozea.

Huko Genova, Italia, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Daraja la Ponte Morandi lilikuwa na kebo zilizofunikwa kwa zege, likaanguka Agosti 2018 na kuua watu 43. Kebo usiyoweza kuiona huwezi kuikagua.

---

Kijana_wa_Site

Swali la kizembe. Bolti za nguvu kubwa, 10.9, nikizipeleka zikapakwe zinki ya umeme kuna shida?

---

Mkaguzi

Si la kizembe hata kidogo. Asidi ya kusafishia na umeme wa kupaka vinaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu. Bolti inakazwa vizuri leo, kesho au wiki ijayo kichwa kinadondoka chenyewe. Kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo hatari inavyozidi. Kama lazima iwe ya umeme, ziokwe kwa saa kadhaa kwenye nyuzijoto 190 hadi 220 mara tu baada ya kupakwa, na upewe cheti cha hilo. La sivyo, agiza zilizopakwa na mtengenezaji mwenyewe kwa utaratibu wake.

---

Pwani_Kavu

Vikazio vyangu vya stenlesi vimekamatana. Nati haiendi mbele wala nyuma, nikilazimisha inakatika.

---

FundiKebo

Stenlesi kwa stenlesi hiyo kawaida: utando unakwanguka, metali mbili zinajishikiza kama zimelehemiwa. Hivyo vilivyokwama vikate, usivilazimishe. Vipya, paka grisi ya kuzuia kukamatana kabla ya kufunga, zungusha taratibu kwa mkono au spana, usitumie mashine ya kasi, na ukiweza nati iwe ya daraja tofauti na bolti. Usikaze kebo ikiwa na mzigo wote. Ipunguzie mzigo kwanza.

---

Kijana_wa_Site

La mwisho, kichwa cha chini kimetazama juu kama kikombe, na kina kitundu kidogo chini. Msimamizi anasema nizibe vyote kwa silikoni maji yasiingie.

---

FundiKebo

Ziba juu, acha chini. Mdomoni, pale waya unapoingia, weka kizibo laini kinachokubali kusogea kwa kebo. Kama ni silikoni isiwe ile inayonuka siki, maana inatoa asidi wakati wa kukauka. Kitundu cha chini ni cha kutolea maji, na maji yataingia tu hata uzibe vipi. Kila ukaguzi pitisha waya mwembamba wa plastiki kuhakikisha hakijaziba kwa vumbi au wadudu. Kikitoka maji ya kahawia, piga picha, andika tarehe, na mwite mhandisi kabla hujagusa kikazio.